Kaka, kadi yako ya Moscow bado ninayo

Kaka, shikamoo.

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwingine kote hujibu. Simu inaita mpaka inakata. Kwenye kundi la familia, siku ya msiba wa Mzee, baba yetu, uliandika neno moja tu: "Poleni." Poleni! Kama mpita njia aliyeona turubai na viti vya kukodi. Watoto wa baba mmoja huambiana "tumefiwa."

Hela ya sanda na ya hitma ilifika, ahsante. Shangazi aliuliza mbele za watu kama hela nayo hubeba jeneza. Nilikutetea. Nilisema nauli ya kutoka huko ni ghali na viza ni shida, nikajua ninasema uongo.

Juzi, baada ya arobaini, nilitoa nguo kabatini na chini ya magazeti yaliyotandikwa nikaikuta tena ile kadi uliyoituma mwaka 1986. Mbele, mzee aliyetoka macho amemkumbatia kijana anayevuja damu. Nyuma, kwa mwandiko wako wa kulala: "Mwonyeshe Mzee." Hukuongeza hata salamu kwa mama.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikujua Ivan, yule mfalme wa Urusi aliyechorwa na mwanawe, ni nani, wala Ilya Repin aliyewachora ni nani, ila nilijua unakusudia nini. Uliwahi kutueleza kwenye barua kwamba Warusi humwita Grozny, na kwamba neno hilo ni ndugu wa groza, mvua ya radi. Sisi tungesema Mkali tu. Na mtaani Mzee aliitwa nani? Fundi Mkali. Haya.

Sasa nisikilize, maana nimekaa na huyo Ivan wako miaka mingi kuliko unavyodhani. Alivikwa taji la tsar, yaani mfalme wa Warusi, mwaka 1547, wa kwanza kuvikwa rasmi. Kuanzia 1565 hadi 1572 alikuwa na kikosi chake, oprichniki, wapanda farasi waliovaa nyeusi, waliotundika kichwa cha mbwa na ufagio kwenye matandiko, wa kung'ata wasaliti na kuwafagia. Mwaka 1570 aliwaangamiza watu wa Novgorod, mji wa nchi yake mwenyewe. Kaka, Mzee wetu alikuwa fundi seremala mwenye watoto sita na deni la mbao. Hakuchoma mji.

Kama ulitaka kumtukana, ungetuma ile picha ya mchoraji Viktor Vasnetsov ya mwaka 1897. Pale tsar amesimama peke yake kwenye ngazi, nguo nzito ya dhahabu mpaka miguuni, fimbo mkononi, nawe unamtazama kutoka chini kama mtoto aliyefumaniwa. Jicho linakuangalia kwa pembeni. Kuna kidirisha kidogo, nje yake mapaa ya Moscow yamefunikwa na theluji, yaani mji mzima ni mdogo kuliko huyo mtu mmoja. Huyo ndiye baba unayemhadithia wanao, na sikatai kwamba kuna siku alikuwa hivyo. Nilimwona akishuka kutoka darini na msumeno, sote tukatawanyika.

Lakini ulichagua ya Repin. Na sidhani kama uliitazama.

Mimi nimeitazama. Repin aliimaliza mwaka 1885. Kiti cha enzi kimepinduka, fimbo iko chini, mazulia yamekunjamana kama watu walikuwa wakivutana. Baba amevaa nyeusi, mwana amevaa nguo ya waridi na viatu vya kijani. Baba amembana kwa mkono mmoja kiunoni, kwa mwingine anaziba kidonda na damu inapita katikati ya vidole. Na mwana, Kaka? Mwana amemwegemea. Mkono mmoja umejikaza kwenye zulia, mwingine umeshika nguo ya baba yake. Kuna chozi. Hamsukumi.

Wewe ulimsukuma.

Hiyo ndiyo siwezi kuisahau. Bakora ya mpingo ilikupata juu ya jicho, ulianguka kando ya meza ya randa, Mzee akaitupa ile bakora na kupiga magoti kwenye vumbi la mbao. Akakushika kichwa. Alikuwa analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, hata alipofariki mama. Nawe ukauondoa mkono wake, taratibu kabisa, kama mtu anayeondoa utando wa buibui usoni. Ukasimama. Siku tatu baadaye ukapanda ndege na bendeji.

Bakora hukustahili. Nimeshakwambia hivyo kwenye barua ambazo hukujibu. Ila alikuwa chini, mzee wa watu, na ungeweza kumwachia kichwa chako hata dakika moja.

Ugomvi wa Ivan na mwanawe, kwa alivyoandika padri Mjesuiti Antonio Possevino, ulianzia kwenye nguo: tsar alimkuta mkwewe mjamzito akiwa na nguo nyepesi, akampiga, mumewe akaja kumtetea. Jambo dogo kiasi hicho. Mwana akafa Novemba 1581, akabaki mdogo wake dhaifu, na mwaka 1598 ukoo wao ukafika mwisho kwenye kiti. Wapo Warusi wanaokataa kabisa kwamba tsar aliua. Makaburi yalifunguliwa mwaka 1963, na fuvu la mwana lilikuwa limeoza kiasi kwamba halikuweza kusema ndiyo wala hapana. Wala Repin hakuwepo, alizaliwa miaka 260 baada ya tsar kufa. Wote hao walichora wasichokiona.

Mimi niliona. Nilikuwa mlangoni.

Unajua aliyekaa kuchorwa kama yule mwana? Mwandishi Vsevolod Garshin. Mwaka 1888 alijitupa kwenye ngazi za nyumba aliyokuwa akiishi, akafa kwa majeraha. Niliposoma hilo ilikuwa usiku, nikakupigia papo hapo, nikiwa na hofu ambayo siwezi kuieleza. Hukupokea. Asubuhi nikaona umeweka picha ya mbwa wako. Nilishukuru Mungu kwa yule mbwa.

Na picha yenyewe haijawahi kuachwa ipumzike. Tsar Aleksandr wa 3 aliipiga marufuku isionyeshwe, ikaachiwa baada ya miezi michache. Mwaka 1913 mchoraji wa sanamu za kanisani, Abram Balashov, aliichana nyuso kwa kisu mara tatu, inasemekana akipaza sauti kwamba damu imetosha. Mtunzaji wa jumba la picha ilikotundikwa, Khruslov, akajitupa chini ya treni. Repin, mzee wa miaka 68, akaitwa aje kutengeneza. Alikichora upya kichwa cha tsar kwa rangi za uzeeni, haikulingana na iliyobaki, na alipoondoka mchoraji mwingine, Igor Grabar, akaifuta kazi ile na kurekebisha kwa mkono mwepesi zaidi. Hata mwenye picha hakuweza kurudi alipokuwa. Mwezi Mei 2018 mtu mwingine akavunja kioo kwa nguzo ya chuma. Turubai likapasuka sehemu tatu, safari hii nyuso zikapona.

Basi kabla Mzee hajafa nami nikafanya ulichoagiza, nimechelewa miaka karibu arobaini. Mzee alikuwa hawezi tena kukaa bila mto. Nilimwekea kadi mkononi na kumwambia inatoka kwako. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza dirishani, akaitazama tena. Akauliza: "Mbona anazuia damu kwa mkono mtupu? Hapo ndani hakuna mtu wa kumletea kitambaa?"

Hakuna. Repin amewaacha wawili peke yao na giza nyuma.

Kaka, siku ile Mzee alisema "lete kitambaa" mara mbili. Kanga ya mama ilikuwa kwenye kamba, hatua tatu. Sikwenda. Na sikwenda kwa sababu nilikuwa najua kwa nini umepigwa. Uliponiambia usiku kwamba ukishafika huko hurudi, nilimwambia. Aliniuliza, Kaka, ningefanyaje? Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilidhani atakuzuia kwa maneno. Usinitazame hivyo. Mimi ndiye niliyemwogesha, niliyemlisha uji kwa kijiko, niliyelala mkekani chini ya kitanda chake miaka miwili. Mchoraji Vyacheslav Schwarz alichora mwaka 1864 tsar yuleyule, hakuna damu, hakuna fimbo hewani, ameketi tu ubavuni mwa maiti ya mwanawe, nguvu zimemwisha. Huyo ndiye niliyeishi naye. Kitanda chako hakikuruhusiwa kuondolewa.

Bakora iko nyuma ya mlango wa karakana, hakuna anayetaka kuirithi. Kadi nitakutumia ukitaka. Nipe anwani mpya, ile ya zamani barua zinarudi.