Mastaa watoe msaada, ila sura za watoto waziache

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama wa hapa Pasua, Moshi, na siwapingi mastaa kuongelea dini, mtu akisema imani yake ndo imemsukuma kutoa ni safi tu, mcheza mpira Sadio Mané ni Mwislamu na hajifichi, na kijijini kwao Bambali kule Senegal kajenga hospitali ikafunguliwa 2021. Kinachoniuma ni kamera. Ramadhani iliyopita alikuja staa mmoja kwenye kituo cha yatima jirani na kwangu, mchele na mafuta vikabaki kwenye gari mpaka watoto wapangwe mstari, kabinti kamoja kakarudishwa mara tatu kupokea kilo ya sukari eti picha haijatoka vizuri, kanajifunika uso na mtandio jamani! Kesho yake shuleni wenzake walishaiona kwenye simu. Mathayo 6 inataka tutoe kwa siri, Al-Baqara aya ya 271 inaruhusu hadharani ila ya siri ndo bora zaidi. Basi staa apigwe picha yeye na magunia yake. Na nyie wahariri mkiletewa za watoto msizitoe, nawaomba sana.

Msomaji wenu,
Pasua, Moshi