Yah: bodi mbili za mota kuungua

Pasua, Moshi
12 Agosti 2024

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Juni nilinunua kwenu mashine ya kutotolesha vifaranga, ya mayai 264. Bodi inayoendesha mota ya kugeuza trei ilikufa wiki ya tatu. Nikanunua nyingine kwenu, nayo ikadumu siku tisa. Nilipopiga simu, kijana wenu akanijibu, "Mzee, umeme wa huko Moshi ndio tatizo."

Hilo silikubali. Umeme wa ukutani unapasha joto tu. Mota na bodi yake vinakula betri ya sola ya volti 12.

Fundi wangu wa Mbuyuni aliiweka bodi chini ya taa, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: kando ya waya za mota pameandikwa D1, umechorwa na mstari mweupe wa kuonyesha daiodi, kile kipande kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, ikae upande gani, na matundu yake mawili yako wazi. Bodi ya pili vilevile. Kumbe aliyeichora alijua. Aliyeiunda ndiye aliyebania kitu cha bei ya andazi.

Koili ya mota haikubali kukatiwa mkondo ghafla. Mosfeti, yaani swichi ya kielektroniki inayowasha na kuzima mota, ikizima, mkondo unang'ang'ania kupita, na kwa kukosa njia volti inaruka, pengine hadi mamia, japo betri ni ya 12. Mosfeti mliyoweka ni IRFZ44N, mwisho wake volti 55. Mota inazimwa kila saa, usiku na mchana, na kila ikizimwa mosfeti inapigwa teke. Daiodi ingekuwepo, mstari wake ukielekea chanya, mkondo ungezungukia humohumo kwenye koili hadi uishe, na mosfeti isingeona zaidi ya volti 13 hivi. Kwa mota ya washa-zima kama hii daiodi ya kawaida ya 1N4007 inatosha. Ingekuwa inapunguzwa mwendo kwa kukatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde, ningedai daiodi ya kasi, Schottky.

Ya pili ilipokufa, mosfeti ilishoti, ikawa haizimi tena. Alfajiri nilikuta trei zinayumba bila kupumzika, baadaye betri ikaisha kabisa. Mayai yalikuwa siku ya kumi. Kiinitete kisipogeuzwa hugandia kwenye utando wa ganda, kwa hiyo mimi na mama watoto tuligeuza kwa mkono mara tano kwa siku hadi siku ya 18. Walitoka vifaranga 97.

Mayai siyadai. Nadai fedha ya bodi ya pili, na bodi nyingine yenye D1 iliyochomelewa na ninyi wenyewe, msije mkaniambia waranti imekufa kwa sababu fundi aliifungua.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Lisipokuja, bodi zote mbili nazipeleka Tume ya Ushindani, matundu yake yakiwa wazi hivyohivyo.

Mteja wenu,
Mfugaji wa kuku, Pasua