Pampu ikizima usiku, nani atakwambia?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na hawa mafundi wanaouza vifaa vya kuchunga pampu za matangi ya samaki hapa Malindi. Mie nafuga samaki wa maji chumvi sebuleni, juzi stima ikakatika saa nane usiku, pampu ikanyamaza, na kile kifaa nilichoambiwa kitanitumia meseji hakikutuma hata nukta, kumbe kinategemea waifai na rauta nayo imechomekwa kwenye stima hiyohiyo! Asubuhi nakuta samaki wako juu wanatweta, wawili washalala ubavu, na kaskazi hii maji yana joto na maji ya moto hayashiki hewa sana kwa hivo muda wenyewe ni mchache.

Sasa mwanangu (ana akili ya nyaya kuliko mie) kaniwekea kingine chenye betri yake na laini ya simu, stima ikienda kinatuma meseji na kuwasha kipampu cha hewa cha betri. Tena kuna kiboya cha kengele kwenye tangi la chini, lile ambalo pampu huvuta maji na kuyarudisha juu kwa samaki, maana pampu yaweza kuwa inanguruma na bomba limeziba, maji ya chini yakapanda tu. Kila saa kumi na mbili asubuhi kinatuma "niko hai", isipofika ndo najua chenyewe kimekufa.

Fundi, ukimuuzia mtu kengele chomoa waya mbele yake aone kama italia. Na pesa yangu bado naidai.

Mfuga samaki, Malindi