Risala ya Klabu ya Huduma ya Kwanza kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Walinda Amani, 29 Mei

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni na habari za mchana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo.

Mheshimiwa, leo tunamkumbuka Praiveti Chancy Chitete wa Malawi. Novemba 2018, karibu na Beni nchini Kongo, walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakipambana na waasi wa ADF. Koplo mmoja wa Tanzania alijeruhiwa, akalala palepale risasi zinapopita, hawezi kusogea. Chitete alimburuta hadi penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza, naye akapigwa risasi. Mtanzania alipona, Mmalawi akafa. Mei 2019 mjane wake alikabidhiwa Medali ya Kapteni Mbaye Diagne, yenye jina la Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994 kabla ya kuuawa. Medali hii haigawiwi kila mwaka kama vyeti vyetu vya mahafali.

Kuhusu mafanikio, klabu imepiga hatua kubwa mno. Wanachama ni 24, mkoba wa huduma ya kwanza upo, na michezo ya madarasa iliyopita hakuna pua iliyotoka damu bila kuhudumiwa.

Changamoto yetu ni moja: toniketi, ule mkanda wa kukaza mkono au mguu unaovuja damu nyingi. Hatuna hata mmoja, na mbele ya geti bodaboda hazipunguzi mwendo. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, kabla gari halijapatikana.

Tumekuwa tukifanyia mazoezi kamba ya katani, nayo inatufundisha vibaya. Kamba nyembamba hukata nyama. Isipokaza sawasawa ni hatari zaidi, kwa sababu hufunga mishipa inayorudisha damu, ule unaoileta ukabaki wazi, na jeraha likazidi kuvuja. Mkanda unaofaa una upana wa karibu sentimita 4 na kijiti cha kuzungushia. Hufungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Unazungusha kijiti mpaka damu ikome, hata majeruhi akipiga kelele, na atapiga. Kisha unaandika saa, na huulegezi mpaka hospitali.

Kwa unyenyekevu tunaomba toniketi 6, mbili zikiwa za mazoezi tu, kwa kuwa mkanda uliokazwa mara nyingi huchoka. Gozi, yaani shashi ya vidonda, roli 20 za kushindilia kinena na kwapa, ambako mkanda haufungiki. Glavu maboksi 2 na mkasi mmoja wa kukatia nguo. Tafadhali toniketi zisiwe zile za bei ya chee, kijiti chake cha plastiki huweza kuvunjika kikizungushwa.

Mheshimiwa, mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi vifaa hivi, tukampigia makofi. Wa mwaka jana aliahidi kufuatilia ahadi ya mwaka juzi, naye tukampigia makofi. Wewe hatuna shaka nawe hata kidogo. Ila katibu wetu ameandaa karatasi ya makabidhiano yenye nafasi ya tarehe na sahihi, na kalamu iko mezani, pembeni ya maji yako.

Tunaomba kuwasilisha.