Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: tulimdanganya daktari kwa kuogopa polisi

Shikamoo Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa.

Mimi ni katibu wa kijiwe cha bodaboda huku Pasua, Moshi mjini, tuko madereva 23 na wengi wetu ni vijana wa miaka ishirini na kitu. Nimeamua kuandika hapa wazi kwa sababu hili jambo la mtu kujiua watu wanaliongea kwa kunong'ona, msibani nyuma ya nyumba, halafu basi, na huko kunong'ona ndiko kulikotaka kutuondolea mwenzetu mwaka jana.

Nitamwita Dogo, inatosha. Alikuwa na pikipiki ya mkataba, yaani unapeleka hesabu elfu kumi kila siku mpaka muda uishe chombo kinakuwa chako, sasa yeye amebakiza miezi mitatu tu pikipiki ikaibiwa usiku. Mwenye chombo anataka hela yake. Dogo akaenda kuchukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kali, akachukua mwingine kulipa ule wa kwanza, wale jamaa wakaanza kumpigia mpaka mama yake huko Uru. Sisi tulikuwa tunaona kabisa amebadilika, hacheki, anakunywa tangu asubuhi, ukimuuliza vipi anakujibu nipo tu kaka. Siku moja akampa mwenzetu helmeti na koti lake la mvua akasema chukua, mimi sitayahitaji. Tukacheka, tukasema Dogo kapata kazi Arusha hataki kutuambia.

Kumbe alikuwa anaaga.

Jioni ile dada yake akanipigia nije haraka. Tukampakia kwenye bajaji, na Mheshimiwa naomba unielewe hapa, njia nzima hajitambui yuko kwenye mapaja yetu na sisi tunachojadili ni tukifika tutasema nini. Kila mtu mtaani anajua mtu akijaribu kujiua ni kesi. Tukakubaliana tuseme kala chakula kibaya. Daktari akauliza mara mbili na mara zote mbili aliyejibu ni mimi, chakula dokta. Dakika zinaenda, wanatibu kitu ambacho sicho, mpaka dada yake akashindwa akasema ukweli huku analia, na hapo tena tukaulizwa PF3, ile fomu ya polisi, iko wapi. Nesi mmoja ndiye akasema mtibuni kwanza, karatasi zitafuata. Dogo yuko hai kwa sababu ya yule nesi na kwa sababu dada yake alikataa uongo wangu.

Ndiyo maana naandika kwako na sio kwa Mganga Mkuu wa Mkoa peke yake. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, inasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Najua sheria haibadilishwi na Mkuu wa Mkoa, ni kazi ya Bunge, na naomba wabunge wetu walione hili. Majirani zetu hapo tu ukivuka Holili, Mahakama Kuu ya Kenya Januari 2025 ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba yao. Ghana nao walikifuta 2023. Lakini wakati tunasubiri, wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Mkoa. Neno lako moja kwa makamanda na kwa vituo vya afya, kwamba mtu wa namna hii anatibiwa kwanza na ndugu zake hawatishwi, likisomwa redioni na kubandikwa kwenye ofisi za mitaa, litaokoa watu. PF3 ina kazi yake sikatai, ila isisimame mlangoni mbele ya mgonjwa.

Sasa kilichofuata ndicho kinaniuma zaidi. Dogo aliambiwa ana sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, ugonjwa kabisa, unatibika, akapangiwa kliniki. Akaenda mara moja akaacha. Mtaani walishaanza kumwita chizi, wengine wanasema karogwa mambo ya kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, wengine wanasema hana imani, na kuna mzee alimwambia mbele za watu wanaume wa zamani walikuwa na shida kuliko zako mbona hawakufanya hivyo. Mzee wangu, samahani, walifanya, ila mlisema wamekufa ghafla.

Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watu zaidi ya 720,000 duniani wanakufa kwa kujiua, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Hao ni umri wa kijiwe changu karibu chote. Nikitazama vijana wale wamekaa juu ya pikipiki wanasubiri abiria naanza kuwahesabu, nani hajaongea leo, nani anadaiwa.

Mheshimiwa, najua utaambiwa wataalamu hawatoshi, na ni kweli madaktari wa afya ya akili ni wachache, tuna hospitali ya KCMC tuna ya Mawenzi lakini mtu wa Rombo au Same ndani ndani nauli tu ni mtihani. Ila kuna nchi yenye hali kama yetu walishapata njia. Zimbabwe, daktari mmoja wa magonjwa ya akili anaitwa Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, binti ambaye alitakiwa arudi hospitali akakosa nauli. Mwaka 2006 akaanza na kina bibi 14 pale Harare, bibi wa kawaida wa mtaani, akawafundisha kusikiliza mtu na kumsaidia apange tatizo lake moja baada ya jingine, wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati. Wenzetu wale wana neno lao la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Si ndio hiyo hiyo yetu, ana mawazo huyu? Utafiti wao ulitoka 2016 na ulionyesha waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sisi hapa bibi tunao. Tuna vikoba kila mtaa, tuna jumuiya, tuna sharika na misikiti, mabalozi wa nyumba kumi, vijiwe. Wanachokosa ni mafunzo na mtu wa kumpigia simu likiwazidi. Naomba ofisi yako iagize maafisa ustawi wa jamii waanze na kata chache tu, hata tatu. Wafundishe viongozi wa vijiwe mambo ambayo mimi nilikuja kuyajua nimeshachelewa: mtu anayegawa vitu vyake, anayesema mtanikumbuka, usicheke. Muulize wazi, unafikiria kujiua? Nilikuwa naogopa kwamba ukiuliza unamtia wazo, yule nesi akaniambia sio kweli, ukiuliza unampa nafasi ya kupumua. Halafu usimwache peke yake, mpeleke kwa mtaalamu.

Jambo lingine la haraka, dawa za shambani. Mkoa wetu ni wa kahawa na mboga, zile dawa zinakaa chini ya kitanda na jikoni. Sri Lanka walipiga marufuku zile zenye sumu kali zaidi na vifo vya kujiua vikashuka sana miaka iliyofuata, kwa sababu mtu akivushwa ile saa moja mbaya mara nyingi anabaki. Vyama vya ushirika vikisaidia wakulima kupata makabati ya kufuli, hilo tu ni kazi kubwa.

Na naomba useme hadharani watu waache kurusha picha za marehemu kwenye magrupu ya WhatsApp. Mama wa mtu anaziona.

Kwa anayesoma hapa na mambo yamemzidi: piga simu 199 ya Wizara ya Afya, ni bure, ukiwa mtoto au unamjua mtoto ni 116, na kama ni sasa hivi nenda hospitali iliyo karibu, usiende peke yako, mshtue mtu hata usiku.

Dogo ameisoma hii barua yote kabla sijaiposti, akaniambia ondoa jina tu, mengine acha. Amerudi kliniki, huu ni mwezi wa tatu sasa anahudhuria, zamu ya kumsindikiza tunapeana, hela ya mafuta inatoka kwenye mfuko wa kijiwe. Benchi tunalo tayari, la mbao, chini ya mti. Ukimtuma afisa ustawi aje kabla ya saa mbili asubuhi, muda huo tunakuwepo wote.

Katibu wa kijiwe,
Pasua, Moshi