Arteta asitimuliwe leo, ila mrithi wake aanze kutafutwa

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule msomaji wenu aliyeandika wiki iliyopita kwamba Arsenal wamtimue kocha wao Mikel Arteta fasta kabla msimu mpya wa 2025/26 haujaanza, maana eti miaka mitano na nusu kikombe kimoja, na mtu wa kazi nyingine yoyote angekuwa ashapewa barua yake zamani. Mimi ni Arsenal tangu enzi za Henry na Vieira, sio hawa mashabiki maandazi waliokuja juzi timu ilipoanza kuongoza ligi, na huyo ndugu nakubaliana nae nusu. Ile nusu nyingine ndo imenifanya nishike simu niandike.

Maumivu yapo, tusidanganyane. Msimu huu wa 2024/25 ulioisha Mei umekuwa kama wa kutukomoa sisi tu. Newcastle kabeba Carabao, lile Kombe la Ligi, na njiani alitupiga nusu fainali 2-0 kwetu na 2-0 kwake. Crystal Palace kabeba Kombe la FA, kikombe kikubwa cha kwanza kwenye historia yao yote, Palace jamani. Alaf Spurs, yaani Tottenham, Spurs hawahawa waliomaliza ligi nafasi ya 17, nao wakabeba Ligi ya Europa. Sisi tukamaliza wa pili kwa mara ya tatu mfululizo na kabatini hakuna kilichoongezeka. Huku kwetu ukikatiza kijiweni na jezi unaulizwa kama mwaka huu nao ni wa "kujenga timu", na jibu huna, unapita tu kama hujasikia.

Na ile nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na PSG Aprili 29, hapo uwanjani kwetu Emirates. Kwenye kibanda umiza chetu hapa Msamvu jamaa aliandika ubaoni kwa chaki ARS v PSG SAA 4 USIKU, na kwa sababu raundi iliyopita tulitoka kumpiga Real Madrid 3-0 na 2-1, na Declan Rice kufunga zile frii kiki mbili, watu walijaa mpaka wengine wakakalia ndoo. Dakika ya 4 tu Dembélé kaweka. Kuna watu walikuwa bado mlangoni wanatafuta chenji ya kiingilio, wameingia ndani wanauliza mbona kimya. Mpaka mpira unaisha ni 1-0, wiki iliyofuata Paris 2-1, tumetolewa. Kilichonikera sio kufungwa, PSG wale walikuwa moto kweli na kombe wakalibeba, kilichonikera ni kuangalia benchi letu tukiwa tunahitaji goli nikaona hakuna mtu wa kuingia akabadilisha kitu.

Sasa hapo ndo namwelewa huyo ndugu. Ila angalia hesabu vizuri kabla hujamtupia mtu virago. Arsenal msimu huu amefungwa mechi 4 za ligi. Liverpool bingwa naye amefungwa mechi 4. Zilezile. Tofauti ni kwamba sisi tumetoa droo 14 na wao 9, wao wamefunga mabao 86 sisi 69, na tumeruhusu 34 tu, machache kuliko timu yoyote kwenye ligi ile. Timu hii haina shida ya kufungwa, inashindwa kumaliza. Mfungaji wetu wa juu ligini ni Havertz na mabao 9, na huyo Havertz aliumia Februari huko Dubai walikoenda kambini, yaani mtu ameugua miezi na bado hakuna aliyempita! Salah wa Liverpool peke yake kafunga 29. Ikafika mahali Merino, kiungo, anapelekwa mbele kuwa straika, na mechi ya kwanza pale Leicester akaingia akafunga mawili, tukashangilia wee kumbe tunashangilia umaskini wetu.

Huo umaskini ni wa nani? Straika wetu Gabriel Jesus aliumia goti Januari kwenye mechi ya FA na Man United, dirisha la usajili liko wazi, na dirisha likafungwa hatujaleta hata mtu mmoja. Edu aliyekuwa mkurugenzi wa michezo alishaondoka tangu Novemba, na Andrea Berta kaja Machi, kwa hiyo miezi yote ile ya katikati kocha ndo alikuwa mwenye sauti kubwa. Simtoi Arteta kwenye lawama hapo. Yeye ndo aliyeamini Havertz anatosha, na ni misimu mitatu sasa anaingia vitani na mabeki wazuri na viungo wazuri bila mtu wa kumalizia. Kadi nyekundu pia zinamhusu, msimu huu Rice, Trossard na Saliba wote walilambwa kabla hata Oktoba haijaisha, na nyingine zikafuata. Hiyo ni nidhamu ya timu, usimwachie refa kila kitu.

Lakini huyo ndugu aliandika kama vile Arteta alikabidhiwa timu nzima. Alipoingia Desemba 2019 tulikuwa hoi. Akachukua FA ya 2020 kwa kumpiga Chelsea 2-1, Aubameyang yote mawili, uwanja mtupu sababu ya korona. Baada ya hapo tukamaliza wa 8 mara ya pili mfululizo, na Agosti 2021 tulianza ligi kwa kufungwa na Brentford, Chelsea na Man City mechi tatu bila goli hata moja, tupo mkiani kabisa, mpaka Rais Kagame wa Rwanda ambaye nchi yake ilikuwa imeandikwa kwenye mkono wa jezi yetu alilalamika hadharani baada ya ile ya Brentford. Kama ilikuwepo siku ya kumfukuza ni ile. Hawakumfukuza, na msimu wa 2022/23 tukapata pointi 84, uliofuata 89. Pointi 89, wale Invincibles wa 2004 ambao tunawaimba kila siku hawakufungwa hata mechi na walipata 90. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na City ya Guardiola inayomaliza na 91.

Najua mtu atanijibu pointi hazibebwi juu ya basi la wazi kuzungushwa mjini. Sawa kabisa.

Ila hadithi ya Ferguson wa Man United siileti hapa na nawaomba wana Arsenal wenzangu tuiache, ile ya kwamba alikuja 1986 akakaa mpaka 1990 ndo akapata kikombe cha kwanza. Kila kocha anayefeli anatetewa na Ferguson. Kwa Ferguson mmoja wapo makocha kibao waliovumiliwa na hakuna kilichokuja, subira peke yake haifungi magoli.

Mfano unaotuhusu ni wa kwetu wenyewe, Wenger. Mzee alikuja 1996, akatupa ligi tatu na FA saba, tutamheshimu mpaka tunazikwa. Lakini ligi ya mwisho ilikuwa 2004 na yeye kaondoka 2018. Mwaka 2017 alimaliza wa 5, mara ya kwanza kwake kukosa nne bora, siku chache baadae akampiga Chelsea fainali ya FA, furaha ikawa nyingi, uongozi ukampa mkataba wa miaka miwili mingine. Ule mkataba mimi nausema ulikuwa wa uvivu. Sio kwamba walimwamini kiasi hicho, ni kwamba hawakuwa na jina jingine mezani, na kila kitu kilikuwa kwenye kiganja cha mzee, nani asajiliwe, nani aongezwe mshahara, nani auzwe. Matokeo yake Sanchez akaenda United bila hela yoyote, akabadilishwa na Mkhitaryan, Özil akapewa mshahara wa kutisha, Ramsey akaondoka bure. Mzee alipotoka akaja Emery, mwaka mmoja na nusu akatimuliwa. Watu wanamlaumu Emery, mtu aliyeingia kwenye nyumba ambayo mwenye funguo ameondoka nazo, na leo yupo Aston Villa ametupiga kwetu 2-0 Aprili 2024 na ndo ubingwa ulipopotelea pale.

United ndo usiseme. Ferguson na bosi wake David Gill waliondoka mwaka mmoja, 2013, wakabaki watu wapya kila kona. Moyes hakumaliza hata msimu, Van Gaal katimuliwa akiwa kabeba FA juzi tu, Mourinho, Solskjaer, Ten Hag, kisha Amorim akamaliza wa 15. Kocha mpya kila baada ya muda, na shida ileile inahama nao.

Liverpool je? Hii ndo hoja nzito kwa wanaotaka Arteta aondoke, na nashangaa huyo ndugu hakuitumia. Kocha wao Klopp kakaa karibu miaka tisa, kaondoka 2024, kaja Arne Slot, na kwa kikosi kilekile cha Klopp, kaongezewa Chiesa tu ambaye hata hakucheza sana, kabeba ligi msimu wa kwanza. Wachezaji walewale, macho mapya. Inawezekana kabisa na Arsenal hii ikawa hivo, kwamba kuna mtu akija akamwambia Saka na Ødegaard waache kuzungusha mpira mpaka kipa wa wenzao ashike usingizi, tukabeba. Siwezi kulikataa hilo. Ila angalia Liverpool walifanyaje. Klopp alitangaza Januari kwamba anaondoka, wakapata miezi ya kutosha, wakamrudisha Michael Edwards, bosi wao wa zamani wa usajili, wakamleta mkurugenzi wa michezo Richard Hughes kutoka Bournemouth ndo akaenda kumtafuta Slot kwa utulivu. Hakuna aliyefukuzwa kwa hasira za mashabiki usiku wa saa sita.

Sisi Watanzania hili la kufukuza tumelizoea mno ndo maana linatutoka mdomoni haraka. Simba walipopigwa tano na Yanga Novemba 2023, kocha wao Robertinho hakumaliza wiki. Na Yanga nao msimu wa 2024/25 walianza na Gamondi, akaja Ramovic, huyo akaondoka Februari, akaja Hamdi, makocha watatu ndani ya msimu mmoja, na Juni 2025 kwa Mkapa wakampiga Simba 2-0 wakachukua ubingwa wa nne mfululizo! Mwana Yanga yeyote atakwambia kocha ni kama kandambili, inakatika unanunua nyingine. Kwao inawezekana maana kwenye ligi yetu ukiwa na kikosi cha Yanga mechi nyingi unashinda hata ukimweka dereva wa basi kwenye benchi. Ligi ya Uingereza Bournemouth anakuja kwako anakufunga, na msimu huu ametufunga nje ndani, 2-0 kwake na 2-1 kwetu, sasa we badilisha makocha watatu uone utamaliza wa ngapi.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Arteta abaki msimu ujao. Mkataba aliosaini 2024 ni wa mpaka 2027, Berta kashaingia ofisini na usajili wa straika ndo kazi yake ya kwanza, magazeti yenu mwaka huu wa 2025 kila siku ni mastraika Gyökeres mara Šeško, leteni yeyote kati ya hao. Akishapewa straika wa kweli basi kisingizio kimeisha, ikifika Mei 2026 hakuna ligi wala Ligi ya Mabingwa waagane nae kwa heshima, apewe saa ya ukutani na picha, na sio aongezewe mkataba kwa sababu tumechukua Carabao tukafurahi. Na kazi ya kumtafuta wa baada yake ianze sasa hivi, kimyakimya, sio ianze siku tumefungwa na Wolves mwezi wa kumi na moja. Hili ndo sijaliona kwa wote wanaopiga kelele, wa "Arteta Out" na wale wa "muacheni mzee ajenge", wote wanaongea kama vile klabu ni mtu mmoja.

Huyo ndugu hakutaja jina hata moja la anayemtaka. Mwaka huu wa 2025 Xabi Alonso alichukuliwa na Madrid, Ancelotti akaenda Brazil, Inzaghi akaenda Saudia, Klopp akasema yuko vizuri alipo kwa Red Bull. Ukimtoa Arteta kesho asubuhi unaenda kumpigia nani simu? Mimi wangu nimtaje kabisa asije akasema nimemkimbia, ni Andoni Iraola aliyewafundisha hao hao Bournemouth msimu wa 2024/25, mtoto wa kule kwao Arteta, jirani na San Sebastián, walicheza pamoja utotoni timu ya Antiguoko, na timu yake inakimbia mbele haraka, haina mambo ya kupasiana pembeni dakika tisini. Kama ana mwingine bora kuliko huyo atuandikie wiki ijayo, ila asilete Mourinho.

Msomaji wenu,
Msamvu, Morogoro