Mwekezaji si wakala

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu rai kwamba kila anayewekeza katika majumba apate kwanza leseni ya uwakala. Sheria ya Kenya, Sura ya 533, inamtaka asajiliwe yule anayeuza au kupangisha mali kwa niaba ya wengine, si anayejinunulia nyumba Nyali kwa fedha zake mwenyewe. Hapa Mombasa, ambako mtu aweza kumiliki nyumba pasipo ardhi iliyo chini yake, mnunuzi atafaidika zaidi na wakili mwangalifu na upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi. Wasajiliwe madalali wa barazani. Mmoja wao alinionyesha kiwanja ambacho, kwa maelezo ya majirani, kilikuwa kimeshauzwa mara mbili.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Kisauni